Magunia Mawili ya Kwihara

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijanitoka kichwani. Naiona kama ilivyokuwa. Lori limesimama njiani pale Kwihara, limejaa mashine zangu ishirini na nne, na mbele yake amesimama mzee mmoja mwembamba, ameshika baiskeli asiyojua kuipanda, hataki kupisha.

Nitakufikisha hapo. Kaa vizuri, na hiyo kompyuta ifunge kwanza, haitakimbia. Tangu jana unanieleza habari za programu yako ya simu, ya kumkutanisha mkulima mwenye mazao na mtu mwenye lori, na mimi nimekuelewa kuliko unavyodhani. Umeniambia wako watu Dar es Salaam wanataka kukupa fedha nyingi uifungue mikoa kumi kwa mpigo kabla mwaka haujaisha. Wako na wengine wenye fedha kidogo, wanaosema uanze na wilaya moja. Unataka kujua bibi yako anasemaje. Basi bibi yako aliwahi kuulizwa swali hilohilo, na akalijibu vibaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli hapa Ng'ambo, Tabora mjini, na kwa kuwa Mungu hakumjalia mtoto wa kiume, spana alinikabidhi mimi. Watu walisema wakachoka. Wengine walileta baiskeli wakasimama mlangoni kuuliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimechuchumaa mbele yao na gurudumu mkononi. Nilikuwa nawajibu kwamba fundi ametoka, warudi kesho. Wakirudi kesho wananikuta mimi tena.

Miaka hiyo ilikuwa ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehamia pamoja, kila kijiji kina shamba lake la wote, na redio haichoki kuhimiza kilimo. Siku moja nilimpeleka mama hospitali ya Kitete, nikakaa kwenye benchi na mwanamke wa kijijini ambaye dole gumba lake lilikuwa limevimba kama ndizi mzuzu. Nikamwuliza limepatwa na nini. Akasema ni ganda la karanga lililomchoma chini ya ukucha. Kila mwaka kabla ya mvua, akina mama hukaa wiki nzima wakibangua karanga za mbegu kwa vidole, na kila mwaka yuko mmoja anayeishia hospitali.

Nikamwuliza kwa nini wasizitwange tu kwenye kinu. Akanitazama kwa huruma. "Mwenzangu, wewe ni mtu wa mjini," akasema. "Punje ikipasuka, au hata ikichubuka ngozi, haioti." Shika hilo, mwanangu, maana kisa chote kimekaa hapo. Karanga iliyovunjika utaila, lakini huwezi kuipanda.

Nilirudi nyumbani sina usingizi. Kwa miezi mitatu nilikata, nikachomea, nikabomoa, nikaanza upya. Mwisho nikapata mashine. Fremu ilikuwa ya baiskeli kuukuu, yenye pedeli na cheni. Cheni ilizungusha pipa la mbao, ndani yake nimepigilia vipande vya mninga, na chini nimeweka wavu wa waya mnene. Unakaa, unapiga pedeli, mtu anamimina karanga kwa juu, maganda yanatoka huku na punje zinaanguka kule. Karanga za kujaribia nilizipata kwenye stoo ya Bwana Karsan mwenye duka la vifaa karibu na soko, karanga kavu zinazolia kama njuga ukitikisa gunia.

Sijui nikuelezeje siku ya kwanza ilipofanya kazi. Punje zilidondoka kwenye ungo nzima nzima, nyekundu, zinang'aa, na mimi nikaacha kupiga pedeli nikabaki nazitazama. Baba aliinama akaokota moja, akaigeuza, akaokota ya pili. Alienda akanawa mikono, akaswali rakaa mbili palepale karakana, na mwili wangu wote ulisisimka. Nilimwogopa Mungu siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kumwogopa, kwamba kitu ambacho hakikuwapo duniani kimetokea mikononi mwangu, mikono hii yenye grisi.

Habari zilienea. Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Karsan mwenyewe. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Tabora hiihii, na alinijua tangu natumwa dukani kwake kununua sulesheni ya kuzibia mipira. Akazunguka mashine mara mbili, akapima pedeli kwa kiganja. "Mwajuma binti yangu," akasema, "mimi nitakupa mbao, waya, na posho ya msimu mmoja. Tengeneza moja. Ipeleke kijiji kimoja, ukae nayo mpaka watu wapande. Ukirudi tutazungumza habari ya nyingine."

Moja. Nilimshukuru kwa mdomo, moyoni nikamwona bahili.

Wiki ya pili akaja bwana mmoja kutoka ofisi fulani mjini, nadhifu, ana mkoba wa ngozi hauachi hata akinywa chai. Huyu aliitazama mashine kidogo, akanitazama mimi sana. Akasema nchi inawahitaji vijana kama mimi. Akasema ana fungu la maendeleo, anaweza kunigharimia mashine ishirini na nne, moja kwa kila kijiji katika orodha yake, ili mradi ziwe vijijini kabla ya sherehe za Uhuru, mwezi wa kumi na mbili. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliamini aliyoyasema. Na mimi niliposikia ishirini na nne, kichwa kilivimba hata kitambaa kikanibana.

Baba nilimwuliza. Akasema, "Fundi ni wewe. Amua." Nikaamua.

Nikanunua daftari kubwa nikaandika mpango. Ungeuona ungeupenda, maana ulifanana na huo wako. Mbao ngapi, waya kiasi gani, mafundi wawili wa kunisaidia, tarehe ya lori, vijiji vyote kwa mpangilio wa barabara. Kurasa kumi na moja. Hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa jina la mama yeyote anayebangua karanga.

Mashine zilipokaribia kwisha, zimepangwa barazani kama askari, ndipo akaja Mzee Mihayo wa Kwihara, kijiji kilicho nje kidogo ya mji. Alikuwa mzee sana, labda miaka themanini au zaidi, na alikuja anakokota baiskeli ya mwanawe iliyopasuka mpira. Ameikokota kutoka Kwihara mpaka Ng'ambo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamtania kwamba hata isingekuwa na pancha asingeipanda. Akacheka. "Mimi miguu yangu inanitosha," akasema. "Imenifikisha baharini."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Akakaa kwenye boksi la spea, akateremsha shuka begani, akanionyesha. Begani palikuwa na nundu ngumu, nyeusi, kubwa kama ngumi ya mtoto. Akaniambia nishike. Nikashika, na ilikuwa ngumu kama kisigino. "Pembe za ndovu," akasema. "Nilikuwa kijana, reli bado haijafika. Tulitoka hapa tukaenda kwa miguu mpaka pwani, na nikarudi kwa miguu." Mimi kijana wa mjini, fundi, mwenye mashine ishirini na nne barazani, nilikuwa sijavuka hata Dodoma. Nilibaki nimeshika bega la mzee yule kama nimeshika kitu kitakatifu, na nikasahau kuziba mpira wake.

Akaniuliza mashine zile zinakwenda wapi. Nikamweleza kwa madaha, kijiji baada ya kijiji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kambi yako ya kwanza iko wapi?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza. Wapagazi walipoondoka Tabora kwenda pwani, siku ya kwanza hawakuenda mbali. Walipiga ngoma, wakaagwa kwa vigelegele, wakatembea kidogo tu, mahali ambapo ukigeuka bado unaona moshi wa nyumbani, wakatua mizigo wakapiga kambi. Wanakaa hapo siku moja au mbili. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, hana haraka hata kidogo. Hapo ndipo inapoonekana nani amesahau unga, mzigo wa nani unauma bega, kamba ya nani imeoza, nani moyo umemwishia. Mwenye kurudi nyumbani anarudi bila aibu, anachukua alichosahau. Wakiondoka kambi ile hakuna tena kurudi, mbele ni miezi ya pori. "Wote tulifika," akasema Mzee Mihayo, "kwa sababu ya kambi ile ya karibu, ambayo hata mtoto angeweza kutuletea uji kutoka nyumbani."

Ningekuwa na akili ningelia pale. Mimi nilisema, "Babu, siku hizi kuna lori."

Hakukasirika. Alisema, "Haya, mwanawane," akangoja nizibe mpira wake, akalipa, na akiwa mlangoni akauliza tu lori litapita siku gani na njia ipi. Nikamwambia, nikadhani anataka kutupungia mkono.

Na sasa tumefika kwenye ile asubuhi. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya, kila kijiji kinangoja kupanda. Tumetoka mjini mimi, dereva na bwana mwenye mkoba, na hata injini haijapata moto vizuri tukamkuta Mzee Mihayo katikati ya njia. Pembeni yake magunia mawili ya karanga, na mkwewe Nyanzala, mke wa mwanawe, amesimama na ungo. Dereva akapiga honi. Mzee akaegemea baiskeli.

"Hizi ni mbegu zangu za mwaka huu," akaniambia. "Zote. Teremsha mashine moja unibangulie, kisha nitawapisha."

Bwana mwenye mkoba alitazama saa. Mimi nilijiona nimepata bahati, kuonyesha kazi yangu mbele ya watu mapema hivyo. Tukateremsha mashine. Wanawake wa jirani wakaja, wakakaa kando wananiangalia nilivyofunga kanga vizuri nikapanda kwenye pedeli. Nyanzala akafungua gunia la kwanza akaanza kumimina.

Pedeli ikawa nzito. Nikadhani ni cheni. Nikakaza miguu, na ndani ya pipa nikasikia sauti nisiyoijua, sauti ya kitu laini kinachosagika. Maganda hayakutoka. Yalijibandika kwenye mbao, yakaziba wavu, yakazunguka nazo karanga humohumo. Nilipoona punje zimeanza kuanguka nikashusha pumzi, lakini Nyanzala alikuwa ameshachota kiganja kimoja, na hakuwa anatabasamu. Zilikuwa zimepasuka katikati. Ambazo hazikupasuka zilikuwa zimechubuka, nyeupe.

Karanga zile zilikuwa na unyevu. Akina mama wote wa vijiji vile, mwanangu, jioni kabla ya kubangua mbegu huzinyunyizia maji wakazifunika, ili ganda lilainike lifunguke bila kuumiza punje. Wamefanya hivyo tangu mama zao. Kila mtu anajua, ila mtoto wa Ng'ambo anayenunua karanga zikiwa kwenye kopo. Yule mama wa Kitete angeniambia, kama ningemwuliza swali moja zaidi.

Ningesimama pale ningekuwa nimeharibu gunia moja. Lakini watu wananitazama, bwana yupo, na kiburi hakikuniachia. Nikasema ni skrubu tu, zimelegea, ngoja nirekebishe. Nikarekebisha. Nikasema leteni gunia la pili. Nyanzala alimgeukia mkwewe. Mzee alimwashiria kwa kichwa, mimina. Nami nikaliharibu na la pili.

Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililoniua. Nilishuka kwenye pedeli, nikapiga magoti mbele ya lile rundo la karanga zilizosagika, za kula tele, za kupanda hakuna, na nikaanza kuhesabu vijiji kichwani, kimoja kimoja kwa majina yake. Ishirini na nne. Mvua inakuja. Kila kijiji kingefungua stoo yake kwa furaha, kwa sababu ya mkoba na ya sherehe, wakanimiminia mbegu zao.

Mzee Mihayo akaja akachutama karibu yangu kwa shida, magoti yanalia. Akaokota punje iliyopasuka, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu. "Kambi ya kwanza ni hii," akasema. "Ukigeuka unaona moshi wa nyumbani. Rudi ukachukue ulichosahau."

Nikamwuliza, nalia kama mtoto, "Babu, ulijua?"

"Sikujua. Mimi nijue nini habari za mashine? Ningejua ningekwambia palepale karakana kwenu." Akatema kipande cha ganda. "Kambi ya kwanza inapigwa kwa ajili ya jambo ambalo hakuna anayelijua."

Mwanangu, nimeona mengi. Nimeona watu wakubwa na magari yao. Sijamwona mtu mkubwa kama yule mzee siku ile, amechutama vumbini, ametoa mbegu za mwaka mzima za nyumba yake kujaribia kazi ya mtoto wa mtu mwingine, kwa sababu alihisi tu kwamba mtoto huyo anaondoka bila kambi. Nikimkumbuka mpaka leo nywele zinanisimama.

Lori liligeuzwa. Bwana mwenye mkoba alifoka njia nzima, na alikuwa na haki. Nilichukua kopo la karanga zilizovunjika nikalimwaga juu ya meza yake, nikamwambia hii ndiyo mbegu ya vijiji vyako. Baadaye akasema mashine zibaki kwetu, ila fedha nyingine hakuna, na jina langu likaondolewa kwenye ratiba ya sherehe. Siku ya Uhuru nilisikiliza ngoma nikiwa ndani. Kule Kwihara, wanawake wale waliokuwa wananitazama walizunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja akatoa bakuli la mbegu, wakamjazia Mzee Mihayo gunia moja. Akapanda nusu ya shamba lake. Zile nilizozivunja walizila na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka masika, na Nyanzala hakukosa kuniambia kila tulipoonana kwamba zilikuwa tamu.

Nilikwenda kwa Bwana Karsan kichwa kimeinama. Hakunicheka. Alisema, "Nilisema moja," akafungua droo akatoa kipimo, akaanza kunipimia mbao, na hatukulizungumza tena.

Kiangazi chote kilichofuata nilishinda uani kwa Nyanzala. Nilijifunza kunyunyizia maji, nilijifunza kufunika, nikabangua kwa vidole mpaka kucha zangu nazo zikauma. Ndipo nikaona dawa ilikuwa imening'inia karakana kwetu tangu nizaliwe. Nikang'oa vipande vya mninga, nikaweka vipande vya tairi kuukuu za baiskeli, mpira unaoishika karanga bila kuiumiza, na wavu nikautanua. Mashine moja, kijiji kimoja. Mwaka uliofuata tatu. Zile ishirini na nne zilikwisha kutoka baba ana mvi kidevu kizima. Na ile ya kwanza, Mzee Mihayo alikuja kuiona. Alichukua punje, akaipasua kwa ukucha, akatazama ule mche mdogo uliolala ndani, mzima. Akanionyesha, akasema, "Haya, msafara na uondoke."

Sasa nisikilize, maana nimeona unatazama simu. Sikukatazi fedha nyingi. Ningekuwa mwongo, mimi mwenyewe nilizipenda. Ninachokuambia ni kwamba fedha inayokutaka uwe mikoa kumi kabla hujalala siku moja kwa mkulima mmoja inakupitisha kambi ya kwanza bila kutua, na wewe ni mgeni wa karanga kama nilivyokuwa mimi. Huo mpango wako nimeusikia wote. Tafuta ndani yake jina la mtu mmoja atakayeutumia, umfahamu kwa sura na kwa jina, na kama hayumo, rudi ukamtafute. Na ujue jambo jingine ambalo mimi sikulijua. Ukikosea, hasara haikuangukii wewe peke yako, wala wale wa Dar es Salaam. Inaangukia magunia ya mtu.

Kwa hiyo kambi yako ya kwanza iwe hapa. Pale uani, nyuma ya banda la kuku, yako magunia mawili ya karanga nimekuwekea. Ni mavuno yangu yote ya mwaka huu. Yaitie hilo lori lako kwa simu, yapeleke sokoni, nami nitakaa barazani nitazame yatafika au yatapotea. Yakipotea, yamepotea. Utarudi, hapa ni karibu, utachukua ulichosahau.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe mikono inayotengeneza na masikio yanayouliza swali moja zaidi. Akuepushe na kichwa kinachovimba, nami najua umekirithi kwa nani. Na siku utakayopakia lori lako kwa haraka, ukajiona umefika, akuwekee mtu wa kusimama katikati ya barabara.